Je, Wajua? Shokapu Mpya, Maneno ya Zamani

Je, wajua kwamba springi za baiskeli zilikuwapo kabla ya tairi la upepo la Dunlop? Mwaka 1885 kampuni ya Linley & Biggs ya London ilikuwa na baiskeli iitwayo Whippet, yenye springi kwenye fremu za kumpunguzia mwendeshaji mtikisiko. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi lake la upepo, na springi zikakosa soko. Dunlop naye hakudumu na hataza yake: ilibainika kwamba Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikwisha kusajili wazo hilo mwaka 1845. Basi ukiona "teknolojia mpya kabisa" kwenye boksi la baiskeli dukani Kahama, soma taratibu.

Je, wajua kwamba RockShox, watengenezaji maarufu wa shokapu za baiskeli, wanataka miguu ya chini ya uma wa mbele ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha? Kwa anayepanda kilima Jumapili tu, hiyo ni miezi kadhaa. Kwa kijana wa daladala ya baiskeli Shinyanga mjini, anayepakia abiria kwenye keria tangu alfajiri hadi giza, saa 50 hazimalizi wiki. Tangazo halikuambii ni fundi gani wa kijiweni ana sili za kuzuia mafuta hayo yasivuje.

Je, wajua nani anaimiliki RockShox? Ni SRAM ya Chicago, iliyoinunua mwaka 2002. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, F.K. Day, pamoja na mkewe Leah Missbach Day, walianzisha World Bicycle Relief mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Shirika hilo ndilo lenye baiskeli ya Buffalo, iliyoundwa kwa barabara za vijijini Afrika. Ina keria ya kubeba kilo 100 na breki ya kurudisha pedeli nyuma. Shokapu haina hata moja! Mwenye duka la shokapu alipotazama barabara kama zetu, aliziacha dukani. Sijaona tangazo linaloshinda ushahidi huo.

Je, wajua kwa nini mbeba mawe wa Geita haitaki shokapu ya nyuma? Kiroba cha mawe kinachotoka duarani, yaani shimoni machimboni, kwenda karasha ya kuyasaga kinahitaji keria iliyofungwa imara, na fremu inayocheza katikati haina pa kuifunga keria ya kawaida. Tena springi hupimwa kwa uzito wa mwendeshaji. Ongeza mzigo, inalala chini moja kwa moja na haifanyi kazi tena.

Tusiwaonee watengenezaji wa shokapu, lakini. Greg Herbold alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka milima mwaka 1990 akitumia shokapu ya mbele, na Mcheki Jaroslav Kulhavý alishinda dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012 kwa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma. Zinafanya kazi. Ila hao hawakupakia madumu ya maji.

Je, wajua kwamba dai la tangazo la shokapu, "haipotezi nguvu hata chembe", haliwezi kuwa kweli kwa kila mtu? Ukikanyaga pedeli, mwili hupanda na kushuka, na shokapu hufuata. Kiasi cha kufuata hubadilika kwa gia uliyotia, uzito wako, na kama umekaa au umesimama. Kwa miaka mingi baadhi ya kampuni zilinadi miundo yao kuwa bora kuliko kiungo cha shokapu ya nyuma cha Horst Leitner wa Austria. Hataza ya Leitner ilipokwisha muda, kadhaa kati yao zikahamia kwenye kiungo hicho hicho. Kizuri chajiuza.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi? Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo, kwa hiyo dai risiti na utunze tangazo. Na kabla ya kulipa, bana breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa nguvu, kisha achia. Ukirushwa juu papo hapo, hiyo ni springi tupu isiyo na mafuta ya kuituliza. Bora ununue baiskeli ya uma wa chuma usio na springi, chenji weka kwenye tairi nzuri.