Kumfundisha Punda Kupita Kona za Milimani

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya wanyama wanaotubebea mizigo hadi mahali tusipoweza kufika ila kwa mashaka makubwa, kisha anawataja farasi, nyumbu na punda. Sisi tunaokaa katika milima ya Usambara tunaielewa neema hiyo kwa magoti yetu. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, ipitayo Soni, ni ya kilomita 33 hivi tu, lakini hupanda kutoka mita 400 hivi hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na yote ni kona juu ya kona. Nayo hiyo ni njia ya magari. Vijia vitokavyo mashambani ni vyembamba zaidi: upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili korongo. Pikipiki zimepunguza taabu, alhamdulillahi, lakini ziko njia ambazo gurudumu halipiti, hasa wakati wa masika, na huko viazi na kabichi husafiri juu ya kichwa cha mama au juu ya mgongo wa punda.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpoteza punda katika kona ya namna hiyo, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Alikuwa dume kijana, mwenye nguvu na mtiifu. Tulimpakia magunia mawili ya viazi, moja limejaa, la pili limepungua kidogo, tukasema tofauti hiyo si kitu. Tulipofika konani tukamvuta kamba kwa nguvu ili ageuke upesi. Kichwa kiligeuka, shingo ikapinda, lakini mwili haukugeuka. Bega la nje likaelekea korongoni, gunia zito likamvuta, miguu ya nyuma ikateleza. Tulimkuta chini amevunjika mguu, wala hakusimama tena.

Tulipotulia tulijiuliza: kwa nini mnyama aliyetii kamba yetu alianguka kwa sababu ya kuitii?

Jawabu lake wanalijua wapanda farasi tangu zamani. Waislamu wa kale walikufanya kumpanda na kumfunza farasi kuwa elimu kamili, wakaiita furusiya. Katika karne ya 9 Miladi, Ibn Akhi Hizam, aliyewatumikia makhalifa wa Bani Abbas, alitunga kitabu juu ya mambo hayo, na karne ya 14 Ibn al-Qayyim naye akaandika chake. Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwashindanisha farasi mjini Madina. Wale waliokwisha andaliwa kwa mbio walipewa masafa ya maili tano au sita, na wale wasioandaliwa walipewa maili moja tu. Angalieni uadilifu huo: mnyama hakutakiwa kufanya asilofundishwa.

Huku kwetu farasi hawakuenea, kwani mbung'o wa nyika waliwamaliza. Kule Unguja walikuwako katika majumba ya Masultani, na Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba walivyofunzwa kupanda. Sisi farasi wetu ni punda. Miguu yake ni minne vile vile, na uzito wake hufuata kanuni ile ile.

Kanuni yenyewe ni hii. Mnyama aendaye sawa huziweka kwato za nyuma katika mstari wa kwato za mbele. Katika kona mwili wake wote, toka utosi hadi mkia, hupaswa kupinda kidogo kama njia inavyopinda. Ukivuta upande mmoja tu, unaipinda shingo peke yake, na uzito unakimbilia bega la nje. Ndiyo maana mpanda farasi hodari havuti kigwe cha ndani tu. Hukishika cha nje pia, kiizuie shingo isipinde kupita kiasi, na mguu wake wa nje huyazuia mapaja ya mnyama yasitawanyike. Naye hutazama mbele anakokwenda, wala hajilazi upande. Tena hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, ili mnyama apate nafasi ya kujikusanya juu ya miguu ya nyuma.

Mwaka jana kijana mmoja wa madrasa yetu alinunuliwa na baba yake punda jike asiyejua kazi. Tulimwambia asimtie mzigo kwanza. Alichora duara kubwa katika uwanja, upana wake hatua ishirini, akamtembeza baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Yeye alitembea ubavuni, usawa wa bega, kamba imelegea. Kisha akarudi kuzisoma alama. Upande wa kushoto kwato zilifuatana vizuri. Upande wa kulia za nyuma zilitoka nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Kila mnyama ana upande wake mwepesi, kama sisi tulivyo na mkono wa kulia, na ule mzito ndio unaotaka subira zaidi. Robo saa asubuhi ilitosha, kwani mnyama aliyechoka hafundishiki.

Siku moja tulimwona kijana huyo amekasirika, anamvuta jike mbele na nyuma kwa nguvu, na fimbo amekwisha iinua karibu na uso wake. Tulimsimamisha, tukamsimulia habari ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyepanda ngamia mgumu akawa anamrudisha huku na huku, na Bwana Mtume akamwamrisha awe mpole. Tukamkumbusha pia kwamba kumpiga mnyama usoni kumekatazwa. Aliona haya. Akaishusha fimbo, wala hatukumwona nayo tena.

Duara likapunguzwa hadi hatua kumi. Baadaye wakahamia mteremko mdogo, kisha shogi tupu mgongoni, kisha nusu ya mzigo. Hapo tulikuwa wakali: kila upande ulipimwa kwa mizani ya dukani, na kilo moja ikizidi ilipunguzwa. Baba yake alilalamika kwamba magunia yanaoza huku mwanawe anacheza na punda. Hatukumlaumu sana, maana ada ya shule ilikuwa ndani ya magunia yale.

Siku ya gulio ya kwanza tulikwenda kusimama juu ya kona ile ile iliyotupotezea wa kwetu. Walikuja polepole, mzigo kamili. Hatua tano kabla ya kona kijana alimwita kwa sauti ndogo, jike akapunguza mwendo, masikio yakasimama, wakapinda pamoja. Walipokwisha pita tuliteremka tukainama kutazama udongo. Kwato za nyuma zilikuwa zimekanyaga katika mstari wa za mbele, na majani ya ukingoni hayakuguswa.