Baiskeli ya Mlimani kwenye Mchanga wa Kibiti

Sikilizeni, wanangu. Mwaka 1976, huko California, Marekani, vijana fulani walikuwa wakipanda mlima ulio karibu na Mlima Tamalpais na baiskeli kuukuu, nzito, za matairi manene, zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940. Wakifika juu walishindana kuteremka njia ya vumbi na mawe. Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedali kinyumenyume, nazo zilipata moto hadi grisi ya kwenye habu ikatoa moshi. Kila wakiteremka iliwabidi wajaze grisi upya, na kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack. Mmoja wao, Gary Fisher, alifunga gia kwenye baiskeli yake kuukuu. Mwaka 1977 mwenzake, Joe Breeze, akaunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya njia kama zile. Waliitazama njia yao kwanza, baiskeli ya mlimani ikafuata.

Nasi tuitazame njia yetu. Hapa Kibiti kuna lami iendayo Lindi, lakini ukiiacha ukaingia mikoroshoni, ni mchanga. Ukishuka bonde la Rufiji masika, ni tope jeusi linalonata.

Basi anza na tairi. Soma ubavuni: ukikuta 26 x 1.95, gurudumu ni la inchi 26 na tairi lina upana wa karibu inchi 2. Hilo linafaa mchangani. Punguza upepo kidogo, tairi litatanuka na halitazama. Ukipunguza mno, tyubu itabanwa na rimu itoboke. Tazama pia nafasi kati ya tairi na madigadi. Pasipopita hata kidole, tope litajaa na gurudumu litagoma.

Msitekwe na springi. Baiskeli ya bei nafuu yenye springi mbele na nyuma huwa nzito, na nguvu ya mguu wako huishia kwenye kudundadunda. Kwa pesa hiyohiyo chukua fremu isiyo na springi nyuma, yenye breki za waya ambazo fundi wa kijijini anazijua. Simama juu yake, nyayo chini: bomba la juu lisikuguse. Inua gurudumu ulizungushe, uone kama rimu inayumba kwenye breki. Tikisa pedali, zikicheza, huenda gololi zimekwisha, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Sasa jambo ninalolipenda zaidi. Baiskeli yako ifanane na maisha yako. Binti anayebeba madumu ya maji na kumpakia mdogo wake hadi shule anahitaji karia ya chuma, hata wenzake wakisema imeharibu umbo. Anayeshinda Nyamisati, kwenye upepo wa chumvi, aweke akiba ya mafuta ya cheni na aioshe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hayo yanamtambulisha mtu kabla hata ya rangi.

Rangi nayo ina haki yake. Kimanjano, zambarau, riboni kwenye usukani, jina la bibi yako kwenye madigadi: chagua unachokipenda wewe, si kilichopo dukani kwa wingi. Ila stika msibandike kwenye maungio ya fremu. Ufa huanzia hapo, na lazima muuone mapema.