Chekechea ya mtaa na fedha za wakfu: piga hesabu kabla ya kuomba

VIKUNDI vya wafanyabiashara wadogo vinapoamua kuanzisha chekechea ya mtaa, hatua ya kwanza huwa ni kuchanga fedha na ya pili kutafuta mfadhili. Katikati ya hatua hizo mbili kuna ya kupiga hesabu, na hiyo ndiyo mara nyingi hurukwa.

Mwisho wa mchezo huo unafahamika. Ruzuku inakuja, madarasa yanapakwa rangi, walimu wanalipwa kwa miaka miwili na watoto wanapata uji. Mkataba ukishakwisha, mlango unafungwa. Mama mwenye genge anarudi kumweka mtoto chini ya meza ya nyanya, au anachelewa kufungua biashara kwa sababu hana pa kumwacha. Kwa lugha ya biashara, mtaa umepoteza mtoto aliyekuwa anaandaliwa kwa shule na pia saa za kazi za mzazi wake.

Ukurasa huu huandika habari za hisa, hatifungani na bei za sokoni. Safari hii tunaigeukia ruzuku, kwa sababu fedha hizo nazo zina soko lake, masharti yake na hasara zake.

FEDHA ZINATOKA WAPI

Mwombaji mwenye busara huanza kwa kumjua mwenye fedha. Taasisi nyingi kubwa za kutoa ruzuku ni wakfu, na wakfu huendeshwa kama mwekezaji. W.K. Kellogg, mtengenezaji wa vyakula vya nafaka wa Battle Creek, Michigan, alianzisha wakfu wenye jina lake mwaka 1930 kwa ajili ya ustawi wa watoto. Mwaka 1934 alitoa hisa za kampuni yake na vitega uchumi vingine vya thamani ya zaidi ya dola milioni 66 ili viugharamie. Jim Casey, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS, alianzisha pamoja na ndugu zake wakfu wa Annie E. Casey mwaka 1948, kwa heshima ya mama yao. Wakfu huo hushughulikia watoto, familia na mitaa ya Marekani kwenyewe. Wakfu wa LEGO wa Denmark nao unamiliki asilimia 25 ya kampuni ya LEGO na hupata gawio lake.

Sheria ya Marekani inazitaka taasisi binafsi za aina hii zitoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya thamani ya rasilimali zao. Msomaji wa ukurasa huu ataelewa mara moja maana yake. Soko la hisa likipanda, fungu la ruzuku hupanuka, na likishuka, fungu hubana. Kikundi kinachotegemea mfadhili mmoja kwa kila kitu kimejifunga kwenye soko ambalo hakilioni.

Jambo hili si geni pwani yetu. Wakfu wa nyumba au shamba, ambao kodi yake huhudumia msikiti au madrasa huku mali yenyewe ikiwa haiuzwi, umekuwapo Zanzibar, Mombasa na Lamu kwa vizazi vingi. Kanuni ni ileile: mtaji haguswi mtu, kinacholiwa ni tunda lake.

SOMO LA MOMBASA

Kanuni hiyo ilijaribiwa kwenye chekechea katika miaka ya 1980, pale Wakfu wa Aga Khan uliposhirikiana na jamii za Waislamu wa Mombasa kuanzisha chekechea za madrasa. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 chekechea hizo zilikuwa zaidi ya 200.

Mambo mawili ya mpango huo yanamhusu mfanyabiashara. Kwanza, jamii ilitakiwa kuleta chake: mahali pa kufundishia, kamati na wanawake wa mtaani waliokubali kufunzwa ualimu. Pili, jamii zilizotimiza masharti zilisaidiwa kuwa na mfuko wa akiba uliowekezwa, ili gawio lake lizibe sehemu ya pengo kati ya ada na gharama.

Mwaka 1997 ilianza Kenya Community Development Foundation, ambayo imeshikilia njia inayofanana na hiyo. Kikundi kinachangisha, taasisi inaongeza juu yake, na baadhi ya fedha zinawekwa kuwa mtaji wa kudumu. Hapa Tanzania, Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za wananchi tangu mwaka 2003. Kwa kikundi cha mtaa, taasisi za ndani kama hizi mara nyingi ndizo mlango ulio karibu. Wakfu wa Marekani hulazimika kufanya uchunguzi wa ziada kabla ya kutuma fedha kwa kikundi kidogo cha nje, na mingi huona nafuu kupitia taasisi za huku.

HESABU YA MTAA MMOJA

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya hesabu tu. Kikundi cha wauza samaki kina chekechea ya watoto 40. Ada ni Sh 15,000 kwa mwezi kwa miezi 10, lakini wanaolipa ni 30. Mapato ni Sh 4,500,000 kwa mwaka.

Matumizi ni haya: walimu wawili kwa Sh 150,000 kila mmoja kwa miezi 12, Sh 3,600,000, uji kwa Sh 300 kwa mtoto kwa siku 190, Sh 2,280,000, pango, Sh 720,000, mkaa, maji na matengenezo, Sh 600,000. Jumla ni Sh 7,200,000. Pengo ni Sh 2,700,000 kila mwaka.

Mfadhili akitoa Sh 15,000,000 na kikundi kikaamua kuzibia pengo tu, fedha zitakwisha ndani ya miaka isiyozidi sita, hata kama bei ya unga haitapanda. Na wafadhili wengi hawatakubali fedha zao zikae miaka yote hiyo. Watataka zitumike ndani ya miaka miwili au mitatu.

Wapo watakaosema: basi tuwekeze zote, tule faida. Tukichukulia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, pengo la Sh 2,700,000 linahitaji mtaji wa Sh 27,000,000. Hakuna anayewapa kiasi hicho, wala kikundi hakina. Mtaji wa akiba peke yake hautoshi.

Njia inayofaa ni kuligawa pengo. Watoto sita kati ya kumi wasiolipa wakipangiwa malipo ya kila wiki, siku ya mauzo mazuri, yanapatikana Sh 900,000. Kioski cha maji kikileta faida ya Sh 100,000 kwa mwezi, ni Sh 1,200,000. Mfuko wa Sh 6,000,000, nusu ya wanachama na nusu ya mfadhili, kwa asilimia 10 unaleta Sh 600,000. Jumla ni Sh 2,700,000, na pengo limezibwa.

Sasa ombi la Sh 15,000,000 lina sura nyingine: Sh 4,500,000 za kioski na tangi, Sh 3,000,000 za jiko na vyoo vya watoto, Sh 3,000,000 za kuongezea mfuko wa akiba, Sh 2,000,000 za kuziba pengo la mwaka wa kwanza wakati kioski kinajijenga, Sh 1,000,000 za mafunzo ya walimu, Sh 800,000 za samani na vifaa vya kuchezea, na Sh 700,000 za hesabu na ukaguzi. Mfadhili akisoma anaona siku atakayoondoka na mlango ukabaki wazi.

Tahadhari moja: wapo wafadhili wasioruhusu fedha zao kuwekezwa. Uliza kabla ya kuandika. Wakikataa, sehemu ya mfuko ibaki ya wanachama, na ruzuku iende kwenye kioski na majengo. Kwa mfuko wenyewe, kianzio cha hatifungani za serikali ni Sh 1,000,000, na mifuko ya pamoja ya UTT, ambao wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005, hupokea kiasi kidogo zaidi. Faida ikiliwa yote, mfumuko wa bei utaula mtaji. Mwaka ambao kioski kimefanya vizuri, rudisheni kitu kwenye mfuko.

MAOMBI YENYEWE

Taasisi nyingi huanza na barua fupi au andiko dhana la kurasa mbili au tatu, kisha ndipo huita andiko kamili. Msitume kurasa 30 kwa aliyeomba mbili. Elezeni watoto ni wangapi, wa umri gani, shida ni ipi, mtafanya nini, kwa fedha ngapi na mtajuaje kuwa mmefanikiwa. "Kuinua maisha ya watoto" hakupimiki. "Watoto 40 kupata uji siku 190 na 35 kati yao kuingia darasa la kwanza wakiwa na umri unaostahili" kunapimika.

Nyaraka ziwe tayari mapema: cheti cha usajili, katiba, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, orodha ya viongozi na hesabu za mwaka uliopita. Asasi zisizo za kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na faida ya miradi yake hairuhusiwi kugawanywa kwa wanachama. Kikundi cha kukopeshana hakifai kutumia katiba yake ya mikopo kuombea ruzuku ya watoto. Tenganisheni vitabu. Kituo chenyewe cha kulelea watoto kinahitaji kibali kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kwa miradi ya watoto, mfadhili atauliza pia kanuni za ulinzi wa mtoto: nani anaruhusiwa kubaki na watoto, mtoto akidhurika taarifa inapelekwa wapi, na nani anatoa ruhusa ya kupiga picha. Kanuni hizo ziandikwe na kufuatwa hata kama fedha hazikuja.

JIHADHARI NA MADALALI

Kila penye fedha pana dalali. Wapo wanaodai "ada ya fomu" au asilimia 10 mbele kwa ahadi kwamba wanamjua mtu ndani. Taasisi ya ruzuku inayoheshimika haikutozi fedha ili uombe. Kumlipa mtu aandike kwa bei mliyokubaliana ni halali, lakini andiko lililonakiliwa kutoka kwa kikundi kingine hubainika siku mkaguzi anapofika na kumuuliza mwenyekiti maana ya maneno yaliyomo.

Halafu kuna gharama isiyosemwa. Ruzuku huja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki kabla ya taarifa ya ya kwanza kukubaliwa. Stakabadhi ya gunia la mkaa ikipotea, fedha hizo mtazirudisha ninyi. Kikundi kisicho na mweka hazina anayeweza kukaa na vitabu kila Jumamosi ni afadhali kisiombe mwaka huu, kimtafute huyo kwanza.

Tena si kila hitaji ni la ruzuku. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kioski cha maji chenye wateja wa uhakika kinaweza kulipa mkopo huo. Jiko na vyoo vya watoto haviwezi, kwa sababu havileti fedha. Kinachojilipa kikopewe, kisichojilipa kiombewe ruzuku.

Kabla ya kuandika barua yoyote, kikundi kikutane kikokotoe pengo lake la mwaka. Kikiwa na namba hiyo, na kikishaweka mezani mchango wake wa kwanza, kinaweza kwenda kwa mfadhili kama mbia. Kisipokuwa nayo, kiahirishe. Ada za watoto wa wanachama zisitumike kujaribia bahati.