Kidogo cha nani? Daftari la mgema wa Kilolo

Kwenye daftari la mgema mmoja wa Kilolo kuna sentensi iliyofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka. Inaeleza namna ya kukata ncha ya mlanzi, mwanzi unaogemwa ulanzi.

Pombe ya ulanzi haihitaji utambulisho Iringa. Mvua zikishika, chipukizi hukatwa kichwa, kisha kidonda hukatwa tena asubuhi na jioni mpaka maji yaanze kudondoka kwenye mbeta, chombo cha kukingia. Ya leo ni matamu. Yakilala huwa mkangafu, ulanzi mkali, na mkangafu hauheshimu mvi.

Mgema huyo, mzee, anamwandikia mpwa wake aishiye Mbeya, aliyerithi milanzi ya baba yake bila kurithi mkono wake. Mara ya kwanza aliandika: kata kichwa kila siku. Kijana akatii. Alikata vipande vinene kama kidole, na haukupita muda chipukizi likabaki kisiki. Mzee akaongeza neno: kata kidogo. Mpwa akapiga simu: mjomba, kidogo cha nani?

Mzee akajaribu unene wa sarafu, akaufuta. Anasema alipojitazama akigema, aligundua mkono wake haurudii kipimo. Siku ya jua kali kidonda hukauka sana, kisu kikaingia ndani zaidi. Siku ya ukungu hugusa tu. Miaka yote hakuwahi kujiona akifanya hivyo. Ndipo akaandika sentensi iliyonifanya niombe kulishika daftari: unaondoa ngozi iliyokauka, basi, ukiona ubichi, acha. Pembeni ameongeza kwamba kisu butu husaga, hakikati.

Maelekezo mengi tuliyozoea hayana shida hiyo. Mahindi hupandwa sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, na mwenye kamba hakosei. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha watu, kwa redio na vitabu, kuchimba vyoo. Shimo lina kina, lina upana. Kidonda cha mlanzi hakina rula. Mzee ameandika dalili badala ya kipimo, nami naona ameshinda vipeperushi vingi vilivyochapwa kwa rangi.

Lakini daftari lina pengo. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mwanzi, hivyo anayegema yote huliacha shina bila warithi. Mangapi yaachwe? Mzee anasema huacha ya kutosha. Nilipombana, akasema inategemea shina. Inategemea nini cha shina: umri wake, unene wa mianzi iliyosimama, au mvua ya mwaka jana? Alicheka, akaanza kunoa kisu.

Kwangu, ukurasa wa machipukizi ya kuacha ulistahili kutangulia ule wa kisu. Wagema wa Kilolo na Mufindi mnaojua dalili ya kuacha, mpelekeeni mzee kabla mvua hazijaanza. Mpwa wake ameshaomba likizo.