Akikutishia kwa Picha Yako

Mmeanza kuchati Instagram. Anasema yuko fomu foo Arusha, picha yake safi, maneno matamu. Wiki ya pili anaomba picha yako ukiwa uchi, eti ataiona yeye tu. Unatuma. Dakika chache tu lugha inageuka: lete shilingi 50,000, la sivyo shule nzima wataiona. Kasheshe!

Huyo si mpenzi aliyekasirika. Mara nyingi ni mtu mzima, jina si lake, na hiyo ndiyo kazi yake. Na nyie wavulana msicheke, mnanaswa vilevile. Anachotegemea ni aibu yako. Anajua utakaa kimya. Usiku hulali, mwalimu anaongea wewe husikii, chakula hakipiti. Wengine hufika mahali pa kuona bora kufa. Kama wazo hilo limekujia, usilale nalo peke yako. Hata iwe saa nane za usiku, mwamshe mtu.

Usimlipe hata senti. Ukilipa leo amejua una hela, kesho atadai tena. Usimtumie picha nyingine ya "mwisho". Wala usifute ujumbe wake. Wengi kwa hofu wanafuta kila kitu, na ushahidi unapotea. Piga skrinishoti ya vitisho, jina analotumia na namba aliyotaka utume hela, halafu ndipo umbloku. Polisi wataanzia hapo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumtisha mtu kwa ujumbe wa namna hii ni kosa.

Na picha yenyewe je? Ipo huduma ya bure ya Marekani iitwayo Take It Down, kwa picha ulizopigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama tu, kama ya kidole, na Facebook, Instagram na TikTok huitumia kuitambua na kuiondoa. Ndani ya ujumbe wa WhatsApp haifanyi kazi.

Umwambie nani? Si lazima baba, kama unaogopa fimbo. Yuko shangazi, dada mkubwa, matroni. Maneno yakikwama, mpe simu asome mwenyewe. Au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, Tanzania na hata Kenya. Hulipi kitu.