Mteja Akisema "Sawa", Amekubali Nini?

Saa 4 usiku ujumbe unaingia kwenye WhatsApp ya mchapaji wa fulana wa Kariakoo: "Boss habari. Naomba fulana 200 za bluu za shughuli yetu, ziwe tayari Ijumaa. Bei ile ile." Mchapaji anajibu: "Sawa kiongozi." Kila mmoja anaweka simu pembeni na kulala akijua biashara imeshafungwa.

Haijafungwa. Bluu ya bahari au bluu iliyoiva? Ngapi ni L, ngapi ni XL? Nembo inachapwa au inadariziwa? Ijumaa hii au Ijumaa ya wiki ya shughuli, asubuhi au baada ya swala? Na "bei ile ile" ni ya mwezi uliopita au ya mwaka jana, kabla fulana hazijapanda? Ijumaa ikifika, mmoja atasema ametapeliwa, mwingine atasema mteja ni msumbufu, na wote wawili watakuwa wanasema kweli kadiri walivyoelewa. Katika kazi yangu ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo, magomvi ninayoletewa mara chache huwa yameanza na uongo. Mengi yameanza na "sawa" ya namna hii.

Ikitajwa "mawasiliano ya biashara", wengi huwaza kusimama mbele ya watu na suti, slaidi ukutani na Kiingereza kilichonyooka. Hayo yana mahali pake. Lakini biashara nyingi haziangushwi na hotuba mbaya. Zinaangushwa na makubaliano ambayo kila upande una toleo lake kichwani. Kwa hiyo nikiulizwa msingi wa mawasiliano ya biashara ni upi, jibu langu ni moja: usihesabu kwamba umeeleweka mpaka mwenzako arudie alichoelewa, na usihesabu kwamba umeelewa mpaka urudie wewe.

Kuna kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaijua sana, ya Raffles dhidi ya Wichelhaus, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1864. Raffles aliuza marobota 125 ya pamba ya Surat, yatakayofika Liverpool kutoka Bombay kwa meli iitwayo Peerless. Bei imeandikwa, idadi imeandikwa, jina la meli limeandikwa. Tatizo ni kwamba kulikuwa na meli mbili zenye jina hilo hilo, zote zikitoka Bombay: moja iliondoka Oktoba, nyingine Desemba. Mnunuzi alikuwa akiiwaza ya Oktoba, muuzaji akapakia kwenye ya Desemba. Miaka hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilikuwa vimevuruga soko la pamba, na tofauti ya miezi miwili haikuwa jambo la kupuuza. Pamba ilipofika mnunuzi aliikataa, muuzaji akaenda mahakamani, akashindwa.

Kesi hiyo haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilichotwa kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na ndani yake ridhaa inaelezwa kuwa ni watu kukubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Kukubaliana juu ya "gunia la viazi" hakutoshi ikiwa mkulima wa Njombe anawaza lumbesa, lililojazwa mpaka likapita mdomo na kushonewa juu, na mnunuzi wa mjini anawaza kilo 100 za mzani. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa miaka nenda miaka rudi, na kwa kawaida tunalizungumzia kama dhuluma kwa mkulima. Ni dhuluma, sawa. Lakini pia ni kipimo ambacho kila mtu ana picha yake, na kipimo cha namna hiyo hakifai kuingia kwenye oda yoyote, hata kama pande zote ni waaminifu. Andika kilo.

Waliojifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko wote ni watu wa ndege. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ndani ya ukungu na watu 583 wakafa. Rubani wa KLM alikuwa ameanza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Msaidizi wake alitamka redioni maneno ambayo yangeweza kumaanisha wanaruka, au wako tayari wakisubiri kuruka. Mwongozaji kwenye mnara alijibu kwa "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri mpaka awaite. Maneno hayo ya pili yaligongana hewani na ujumbe wa Pan Am, yakageuka mluzi kwenye masikio ya marubani wa KLM. Kilichowafikia vizuri ni ile "OK".

Baada ya ajali hiyo lugha ya redio ilikazwa. Agizo muhimu halijibiwi kwa neno la kukubali tu. Rubani analirudia, namba ya njia ya kurukia ikiwemo, na mwongozaji anasikiliza kama limerudiwa sivyo ili asahihishe papo hapo.

Sisi tunao utaratibu kama huo mfukoni kila siku bila kuutilia maanani. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu wamezoea kutumiana pesa bila kuonana. Ukituma, kabla pesa haijaondoka, simu inakurudishia unachotaka kufanya: jina la mpokeaji na kiasi. Ukishathibitisha, ujumbe unakuja kwako na mwingine unakwenda kwa mwenzako: namba ya muamala, kiasi, jina, tarehe, saa, salio. Hakuna sifa humo, hakuna "tunakuthamini sana", na bado ni ujumbe wa biashara unaoaminiwa kuliko mwingine wowote hapa kwetu. Watu wanauonyesha kama ushahidi kwa mwenye nyumba, kwa bodaboda na kwa shemeji.

Sasa turudi kwa mchapaji wetu. Jibu lake lingeweza kuwa hivi:

"Salama kiongozi, karibu tena. Naomba nirudie nisije nikakosea. Fulana 200, bluu ya bahari kama ile sampuli uliyoishika dukani. M 60, L 100, XL 40. Nembo ya kuchapa, kifuani kushoto. Bei 9,000 kila moja, jumla 1,800,000, VAT haimo. Nianze nikipata nusu, 900,000, kabla ya kesho saa 6 mchana. Ikipita hapo Ijumaa haitawezekana. Mzigo unachukuliwa dukani Ijumaa tarehe 14 saa 10 jioni. Kuna nilipokosea?"

Hapo mteja akijibu "sawa", hiyo sawa ina kitu ndani yake. Angalia pia mambo mawili madogo. La kwanza, VAT. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, yaani kwenye oda hii ni shilingi 324,000. Mhasibu wa ofisi akidhani imo na wewe ukadhani haimo, faida yote inaweza kuishia hapo. Kwenye profoma jambo hilo lisikose kuandikwa. La pili ni swali la mwisho. Ukimuuliza mtu "Umeelewa?", atasema ndiyo, kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kusema hapana. "Kuna nilipokosea?" inampa nafasi ya kukusahihisha wewe badala ya kukiri kutojua kwake.

Hili la heshima ndilo linalowashinda wengi, na sidhani linazungumzwa vya kutosha. Vitabu vya biashara vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinasema uliza, rudia, hakiki, kana kwamba kila mtu yuko huru kumhoji kila mtu. Kijana wa miaka 24 anayepokea oda kutoka kwa mzee mwenye maduka matano hajisikii huru hivyo. Akirudia masharti ataonekana hamwamini mzee. Akiuliza mara ya pili ataonekana mzito wa kuelewa. Basi anainamisha kichwa, "sawa mzee", halafu anakwenda kubahatisha.

Dawa yake imo ndani ya adabu yetu wenyewe: lawama ya kutoelewa ibebe wewe. "Shikamoo mzee. Naomba unisaidie niandike vizuri nisije nikawapotosha vijana wa stoo: ni mabati ya geji 28, bando 15, siyo?" Mzee hapo hajahojiwa, ameombwa msaada. Na wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Bosi anayefoka akiulizwa swali anajinunulia makosa, maana kesho yake hakuna atakayeuliza. Nimeona stoo ambako vijana wanakisia saizi za bolti kuliko kupanda ngazi kumuuliza mkubwa. Kwa hiyo bosi mwenyewe ndiye aseme, "Hebu nirudieni nilichowaagiza, nione kama nimejieleza."

Kuhusu salamu, siungani na wanaosema zinapoteza muda wa biashara. Mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye bei bila hata "habari za kazi" anaonekana ana ugomvi. Kinachoudhi ni kutuma "Mambo" peke yake na kusubiri. Mwenzako anaiona baada ya saa moja, anajibu "poa", wewe umetoka, na jua linazama kabla hamjafika kwenye shida. Salamu na haja zipande gari moja, kwenye ujumbe mmoja.

Na "bei njoo inbox" ya wauzaji wa mitandaoni? Najua sababu zinazotolewa, za washindani na za kupata nafasi ya kuongea na mteja. Mimi ninapoiona huwa nasoma kwamba bei inategemea sura yangu. Wateja wengi nao husoma hivyo, wanapita.

Saa na tarehe zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi pale unaponunua nje. Wafanyabiashara wetu wengi wanaagiza Guangzhou, ambako saa iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 5. Ukimwambia wakala wa huko mtaongea saa 3 asubuhi bila kusema kwa saa za wapi, na kwa hesabu ipi, umempa majibu kadhaa ya kuchagua. Mwandikie 9:00 asubuhi, saa za Dar es Salaam, 14:00 kwake. Tarehe nayo mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu 5/6 ni Juni kwa mmoja na Mei kwa mwingine.

Kuchelewa ni mtihani mwingine. "Niko njiani" ya mtu ambaye bado anatafuta viatu tunaichekea kwenye miadi ya chai, lakini kwenye biashara mteja amepanga mambo yake juu ya maneno hayo: amekodi Kirikuu, amewaita vibarua, ameahidi wateja wake. Habari mbaya ikimfikia Jumatano anaweza kupanga upya. Ikimfikia Ijumaa jioni, hana la kufanya ila kugomba. Na habari hiyo ije na mambo yote matatu kwa pamoja: nini kimekwama, lini kitakuwa tayari, na nini unaweza kumpa sasa hivi. "Wino umechelewa bandarini. Fulana 120 utazipata Ijumaa saa 10, 80 zilizobaki Jumatatu saa 4 asubuhi, nitakuletea mwenyewe bila nauli." Maelezo marefu ya bandari hayahitajiki.

Mengi ya haya yanafanyika kwa mdomo, kwa simu au kwa voisi za dakika tatu zinazosikilizwa huku mtu akiwa kwenye daladala. Sikatai simu. Jambo lenye hasira au lenye kuhitaji kubembelezana lizungumzwe kwa sauti, maana maandishi hukaza uso. Ila mkimaliza kuongea, aliyepewa kazi atume mistari michache: tumekubaliana hivi, bei hii, siku hii. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua ujumbe wa kielektroniki na kuruhusu utumike kama ushahidi, kwa hiyo mistari hiyo ina uzito hata mbele ya hakimu. Iangaliwe tu kama itadumu. WhatsApp ina mpangilio wa kufuta ujumbe wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na baadhi ya wateja wameuwasha. Ukikuta umewashwa, piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, au mwombe oda aitume kwa barua pepe.