Mzazi na marathoni: Muda unaousaka huamuliwa kabla ya kilomita ya 30

Septemba 27, 2015, jijini Berlin, Eliud Kipchoge alikuwa akiongoza mbio huku soli za ndani za viatu vyake zikiwa zimechomoka na kupepea visiginoni kama masikio ya mbuzi. Hakusimama kuzing'oa. Kusimama kungemgharimu sekunde, na sekunde ndizo zilizompeleka Ujerumani. Alimaliza wa kwanza kwa saa 2:04:00, nyayo zikiwa na malengelenge na mguu ukivuja damu. Rekodi ya dunia ya wakati huo, 2:02:57, haikuguswa, lakini muda wake bora binafsi, 2:04:05, ulipungua kwa sekunde tano.

Miaka tisa baadaye, Agosti 10, 2024, Mkenya huyohuyo alikuwa Paris akisaka dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki. Safari hii mgongo ulianza kumuuma njiani. Alijikongoja hadi ilipopita kilomita ya 30, kisha akaacha mbio. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa kumaliza marathoni.

Mguu unaovuja damu aliuvumilia, mgongo unaouma akausikiliza. Mzazi anayejiandaa kwa kilomita 42 akiwa na muda fulani kichwani anahitaji kuielewa tofauti ya siku hizo mbili kuliko anavyohitaji viatu vya bei mbaya.

Namba inayowanyima watu usingizi

Kwa wakimbiaji wa kawaida, wale wanaotoka kazini na kuingia barabarani na vikundi vya jogingi, namba yenyewe mara nyingi ni saa nne. Watafiti wa Marekani waliochambua matokeo karibu milioni 10 ya marathoni, na kuchapisha kazi yao mwaka 2017, waligundua kuwa watu hurundikana dakika chache kabla ya saa tatu, saa tatu na nusu na saa nne, kisha idadi inashuka ghafla dakika zinazofuata. Mwili haujui tofauti ya 3:59 na 4:01. Mwenye mwili ndiye anayejua, na atataja ile ya kwanza kazini, kanisani na kwenye harusi ya shemeji.

Hilo si jambo baya. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa mkimbiaji anayekaribia lengo lake hupunguza mwendo kidogo kuliko wenzake kwenye kilomita mbili za mwisho. Lengo linasukuma kweli. Lakini linamsukuma tu yule aliyefika huko akiwa bado na miguu, na hapo ndipo hesabu inapoingia.

Kumaliza ndani ya saa nne kunataka mwendo wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, mwanzo hadi mwisho. Asubuhi ya mbio, kukiwa na ubaridi, muziki na umati, mwendo huo huonekana wa kizembe. Mkimbiaji anaanza na 5:20, akijiambia anaweka akiba. Kilomita ya 30 inamkuta na saa 2:40, dakika kumi mbele ya ratiba, na moyoni ameshaanza kusherehekea. Kisha miguu inaisha. Akishuka hadi dakika saba kwa kilomita, kilomita 12 zilizobaki zinamla dakika 85 na anamaliza kwa saa 4:05. Akiba yote imekwenda, na riba juu yake.

Hata mabingwa hulipa. Kipchoge alipoweka rekodi ya 2:01:09 Berlin mwaka 2022, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 59:51 na ya pili kwa 61:18. Mwaka uliofuata, marehemu Kelvin Kiptum aliivunja rekodi hiyo Chicago kwa 2:00:35 akifanya kinyume chake: dakika 60:48 kwanza, kisha 59:47.

Njia nayo ina neno lake. Anayetaka kuvunja muda wake kwenye Kilimanjaro Marathon ya Moshi akumbuke kuwa wakimbiaji wa kilomita 42 hupanda kuelekea Mweka, jua likiwa limeshachomoza, kabla ya kugeuza na kushuka mjini. Mteremko huo unapendeza kwenye ramani, ila kwa mapaja yaliyokwisha kuchoka kila hatua ya kushuka ni nyundo. Saa nne za Berlin, jiji tambarare, si saa nne za Moshi, na anayejipimia kwa muda wa rafiki yake aliyekimbia Ulaya anajionea bure.

Ukuta umejengwa na nini

Wakimbiaji huita kipindi cha baada ya kilomita ya 30 “ukuta”. Mwili hutunza wanga kwenye misuli na ini, hifadhi iitwayo glaikojeni, na kwa mtu mzima hiyo ni takriban kilokalori 2,000. Kukimbia hutumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 65 anahitaji zaidi ya 2,700 kumaliza marathoni. Pengo linajazwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha, ila huungua polepole. Mwendo ukiwa mkali, wanga huliwa kwa kasi zaidi. Ndiyo maana zile sekunde 21 za “akiba” kwa kila kilomita zina bei kubwa kuliko zinavyoonekana.

Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mbio ndefu, kuanzia mapema, kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban gramu 25. Chochote kitakachotumika siku ya mbio kijaribiwe kwanza mazoezini, kwa sababu tumbo likivurugika kilomita ya 25, saa mkononi haina tena maana.

Saa hizo zinatoka kwa nani?

Mafunzo ya marathoni huchukua takriban miezi minne. Mazoezi marefu ya mwisho wa wiki, kilomita 28 au 30, yanakula saa tatu, na mkimbiaji akirudi anataka kuoga, kula na kulala. Saa hizo zinatoka kwenye kapu la familia. Kuna mtu anayepika uji wa watoto asubuhi hiyo, anayesimamia kufua, anayempeleka mdogo kliniki au wakubwa madrasa.

Katika nyumba nyingi baba akitoka kukimbia saa 11 alfajiri huvaa viatu tu na kuufungua mlango. Mama akitaka kufanya hivyohivyo lazima kwanza apange nani atabaki na watoto, uji utapikwa saa ngapi, na kama barabara ni salama kwa mwanamke giza likiwa bado halijaisha. Wote wawili watalipia kiingilio kilekile. Kabla ya kukilipa, wenza wakae na kalenda, wazihesabu Jumamosi zote hadi siku ya mbio na wakubaliane nani atakuwa wapi. Mkimbiaji anayeiba muda nyumbani huanza kukatisha mazoezi ili kuepusha ugomvi, kisha siku ya mbio anadai mwili umpe kitu ambacho hakuuandaa kukitoa.

Usingizi ni sehemu ya mazoezi. Mzazi wa kichanga anayeamshwa mara tatu usiku anaweza kukimbia kwa afya na furaha, ila mwaka huo si wa kuvunja muda. Kwa mama aliyejifungua, mwongozo uliotolewa na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza mwaka 2019 unashauri asirudi kukimbia kabla ya miezi mitatu, na hata hapo kama mkojo unamtoka au anahisi uzito chini ya kinena, amwone kwanza mtaalamu. Wapo wanaomtaja Peres Jepchirchir, mama aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Sapporo mwaka 2021 na ya dunia Tokyo mwaka 2025. Ni mfano mzuri, alimradi isisahaulike kuwa kwake kukimbia ndiyo kazi. Baada ya mazoezi haendi kukaa dirishani benki hadi saa 11 jioni.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au ndugu wa damu aliyefariki ghafla angali kijana, apimwe moyo kabla ya kuanza, asisubiri wiki ya mwisho.

Maumivu ya kuvumilia na ya kuheshimu

Watanzania wengi wamekua wakisimuliwa habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji. Ni hadithi inayostahili heshima yote inayopewa. Lakini Akhwari alikuwa amevaa bendera ya nchi kifuani. Baba wa watoto watatu mwenye zamu Jumatatu asubuhi hakutumwa na taifa, na hakuna atakayemlaumu akipanda gari la huduma.

Kuna maumivu ambayo ni sehemu ya kazi: mapaja yanayowaka moto pande zote mbili, malengelenge, pumzi nzito, na ile sauti ya kilomita ya 34 inayouliza kisa cha haya yote ni nini. Mtu mwenye afya aliyefanya mazoezi anaweza kuyapita hayo. Wengi husaidika kwa kuacha kuwaza kilomita zilizobaki na kuangalia tu nguzo ya umeme iliyo mbele, kisha inayofuata.

Maumivu ya kifua, kuhisi kuzimia, au mapigo ya moyo yanayoruka ni ya kusimama palepale. Vivyo hivyo maumivu makali ya sehemu moja, hasa kwenye mfupa, yanayobadilisha namna mtu anavyokanyaga. Dalili ya hatari zaidi kwenye joto ni kuchanganyikiwa, na ubaya wake ni kwamba anayechanganyikiwa hajijui. Anayumba, anajibu ovyo, anakasirika bila sababu. Huyo amezidiwa na joto la mwili hata kama jasho bado linamtoka, na anahitaji kupozwa kwa maji ya baridi mara moja huku msaada wa matibabu ukiitwa. Hapa ndugu waliosimama njiani wana kazi kubwa kuliko kupiga picha. Wamuulize jina la mtoto wa mwisho au leo ni siku gani. Jibu likiwa la ajabu, wamtoe barabarani, hata akibisha.

Maji nayo yana kiasi. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani waliokunywa kuliko walivyopoteza, na waliotumia zaidi ya saa nne. Hao ndio hasa wakimbiaji wa kawaida, wenye muda wa kusimama kila meza ya maji. Kiu ndiyo iamue. Vidole vikivimba, kichwa kikiuma na kutapika kukianza, chupa nyingine ya maji si dawa.

Diklofenaki na ibuprofeni za kumeza asubuhi “ili mguu usisumbue” zibaki nyumbani. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mbio ndefu ya juani nayo hufanya hivyohivyo. Zaidi ya hapo, huzima ile kengele ambayo mkimbiaji anatakiwa aisikie.

Wazoefu huenda na lengo zaidi ya moja mfukoni. Kuna muda wa siku ambayo kila kitu kimekubali, kuna muda wa siku ya kawaida, na kuna kufika tu. Kilomita ya 30 ndipo mahali pa kuchagua upya, na anayeshuka kutoka la kwanza kwenda la pili mapema humaliza akiwa amesimama, tofauti na aliyeling'ang'ania hadi kilomita ya 38.

Yote haya ajue na anayesubiri uwanjani. Aambiwe muda wa mapema na wa mwisho wa kumtarajia mkimbiaji, na namba ya kupiga muda huo ukipita. Abebe kandambili, fulana kavu na chai tamu kwenye chupa. Mkimbiaji akimaliza asikae chini ghafla, atembee taratibu dakika kumi. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi jioni au kesho yake, ni hospitali, si kusubiri. Na kwa waliotoka Dar es Salaam, safari ya kurudi kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Aliyekimbia 42 asubuhi asiwe ndiye anayeshika usukani jioni, watoto wakiwa wamelala siti ya nyuma.